Kilo Inayofika Sahanini

Robo ya sukari, mafuta ya mia tano, nyanya fungu moja, mkaa makopo mawili. Kaya nyingi za Dar es Salaam hununua hivyo kila jioni, na hesabu ya jioni moja haiumizi. Ya mwezi ndiyo inayouma. Anayenunua robo robo hulipia kilo bei ambayo mwenye kununua gunia hajawahi kuilipa, na mara nyingi yeye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote.

Ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: nunua jumla. Una ukweli, lakini haujakamilika. Unga wa dona wa kilo 50 katika joto la Dar hupata uchungu kabla familia ya watu watano haijaumaliza. Maharage ya bei chee yaliyolala ghalani mwaka mzima hula gesi yenye thamani kubwa kuliko kile ulichookoa sokoni. Mchele wa soko la Tandale ulioufuata kwa bodaboda unaweza kukurudisha nyumbani na hasara. Kwa hiyo hapa tutapima kila kitu kwa swali moja: kilo iliyofika sahanini imegharimu shilingi ngapi? Toa mfupa, pumba, mchanga na kilichooza. Ongeza nauli na moto wa kupikia. Hiyo ndiyo bei.

Kopo, sado na mizani

Tuanze na kipimo, maana ndipo pesa inapopotea bila mtu kuiona. Sado ni kopo la rangi la lita 4. Jina lenyewe limetokana na rangi za Sadolin. Ni kipimo cha ujazo, na ujazo hauna uzito mmoja. Mchele uliosawazishwa na mdomo wa sado huwa kama kilo 3.2 hadi 3.4. Maharage ni kilo 3 hivi. Unga wa mahindi ni kilo 2 na nusu au chini ya hapo, kwa kuwa unga hubeba hewa nyingi. Ukisikia sado ya kitu fulani ni bei fulani, gawa kwa uzito huo kabla ya kuilinganisha na bei ya kilo ya duka la jirani.

Kisha likague kopo lenyewe. Kitako kilichogongwa kikaingia ndani hupunguza hata kikombe kizima. Kingine ni kilele. Sado yenye kilele na sado iliyopitishwa mkono juu hutofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa bei ileile. Sokoni hakuna ubaya kumwambia muuzaji, "Mama, nipimie kwa kilo." Wengi wana mizani chini ya meza.

Na mizani nayo inapimika. Nenda na chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa tupu pamoja na kizibo chake ni gramu 30 hivi, basi mizani iliyo sawa itasoma karibu kilo 1.53. Kabla hujaiweka, angalia mshale au namba ziko kwenye sifuri sinia likiwa tupu. Mizani ikisoma 1.65, maana yake kila unapolipia kilo moja unaondoka na gramu kama 930. Kwa anayenunua kilo 40 za vyakula mbalimbali kwa mwezi, zimepotea karibu kilo 3. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, kwa hiyo muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukasirikia chupa yako.

Mafuta ya kula yana mtego wake. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ni gramu 920 hivi. Dumu lililoandikwa kilo 20 lina karibu lita 21.7, na lililoandikwa lita 20 lina kilo 18.4 tu. Yakisimama mawili hayo dukani kwa bei moja, la kilo lina faida ya zaidi ya lita moja na nusu. Soma maandishi, usisome ukubwa wa dumu.

Na mafuta ya mia tano? Fanya hivi: kila yanaponunuliwa, yamimine kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyo kavu kabla hayajaenda jikoni, chora mstari pembeni yalipofika kwa kalamu ya wino mzito, kisha kadiria ni mara ngapi kiasi hicho kingeijaza chupa. Ukizidisha idadi hiyo kwa mia tano, umepata bei ya nusu lita. Iweke kando ya bei ya chupa ya lita moja iliyofungwa. Wiki moja inatosha kwa jaribio hili, na huwa linashangaza hata watu walionunua hivyo miaka kumi.

Hapa ni vizuri kumtendea haki Mangi wa duka la mtaani. Anayeuza robo na vijiko anabeba mafuta yanayomwagika, sukari inayoganda, mfuko wa kufungia, na daftari la madeni ambayo mengine hayalipwi. Bei yake ina sababu. Lakini hiyo haikulazimishi wewe kuilipa kila siku kwa kitu ambacho unajua utakihitaji tena kesho.

Mahindi, dona na chupa ya chumvi

Nyanda za juu kusini huvuna mahindi kati ya Mei na Agosti. Ndiyo maana bei huwa nafuu Julai na Agosti, na hupanda kuanzia Desemba hadi mavuno mapya yakaribie. Familia inayokula ugali kila siku na yenye mahali pakavu pa kuhifadhia ina faida kubwa ikinunua mahindi yenyewe badala ya unga. Gunia la kilo 100 hutoa debe sita hivi.

Sasa mashineni. Ukikoboa upate sembe, kilo 100 za mahindi hukurudishia karibu kilo 70 hadi 75. Zilizobaki ni pumba. Ukisaga dona, unapata karibu zote. Ukitaka sembe, usiiachie mashine pumba yako bure: wafugaji wa kuku na ng'ombe huinunua, na thamani yake inaweza kulipa gharama ya kukoboa. Wanaosema dona ni chakula cha shida wanakosea. Kiini cha mahindi, chenye mafuta na vitamini, kinabaki ndani yake, na shibe yake inakaa.

Lakini ni kiini hichohicho kinachoharibu dona. Mafuta yake yakikutana na hewa na joto, unga hupata uchungu ndani ya wiki chache. Basi hifadhi mahindi, usihifadhi dona. Saga debe moja moja, uache unga upoe kabisa kwenye turubai safi kabla ya kuufunga. Unga wa moto ukifungwa kwenye ndoo hutoa jasho, na asubuhi utaukuta umeshikana mabonge. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Kabla ya kununua gunia, hakikisha mahindi yamekauka. Kung'ata punje ni mazoea ya zamani, lakini kuna njia iliyo wazi zaidi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Weka mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache imesimama dakika kumi na tano. Chumvi ikibaki imenata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 au hivi, na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, nunua. Chumvi nayo ikaangwe kidogo na kupozwa kwanza, maana chumvi ya Pwani hubeba unyevu wake mwenyewe na itakudanganya.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu mahindi mabichi huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kupika ugali muda mrefu. Punje zilizooza, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizosinyaa, zichambuliwe na kutupwa. Wala usiwape kuku. Hakuna akiba ndani ya punje hizo.

Wadudu ni adui wa pili. Fukusi na dumuzi wanahitaji hewa. Mifuko ya tabaka tatu, ile inayojulikana kwa jina la PICS, inawanyima hewa hiyo: mifuko miwili ya plastiki nene ndani, wa nje wa kawaida. Jaza wa kwanza, kamua hewa ya juu kwa mikono, sokota shingo, ikunje na uifunge kwa kamba kwa nguvu. Kisha funga wa pili vivyo hivyo, ndipo wa nje. Usiufungue kila siku, kwa sababu kila ukifungua umewapelekea pumzi. Familia ya mjini yenye gunia moja itafanya vizuri zaidi kugawa mahindi kwenye madumu ya lita 20 yenye vifuniko vinavyobana, yakijazwa hadi mdomoni, na kufungua moja baada ya jingine. Yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu.

Mchele una tabia ya kinyume na unga. Mchele wa zamani kidogo, uliokaa miezi kadhaa baada ya mavuno, hunywa maji mengi na kujaa sufuria. Mchele mpya hunukia vizuri lakini hushikana na haujai. Ukinunua kwa ajili ya kulisha watu wengi, omba wa zamani. Chenga nazo, zile punje zilizovunjika, ni mchele uleule kwa bei ya chini. Kwa uji, vitumbua au bokoboko hazina kasoro yoyote.

Maharage na moto unaoyapika

Maharage ndiyo chakula ambacho bei ya sokoni hudanganya kuliko vyote, kwa sababu sehemu ya gharama yake iko jikoni.

Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa sugu. Ganda lake na nyama yake ya ndani hubadilika, maji hayapenyi ipasavyo, na hata ukiyachemsha saa tatu yanabaki na moyo mgumu. Yatambue kwa rangi: maharage ya njano hugeuka kahawia, yenye rangi nyepesi hutiwa giza, na ganda hupoteza mng'ao na kukunjamana. Katikati ya mwaka maharage mapya yanapoingia kutoka nyanda za juu, uliza yapi ni ya msimu huu na uwe tayari kuyalipia zaidi kidogo. Kama huna hakika, nunua robo kwanza, ipike, ndipo urudi kuchukua kilo kumi.

Utaratibu wa kilo moja uko hivi. Chambua mawe na yaliyotobolewa. Loweka kwenye maji lita 3 yenye vijiko vya chai viwili vitatu vya chumvi, kwa saa 8 hadi 12. Chumvi hailifanyi haragwe kuwa gumu kama wengi wanavyoamini, inalainisha ganda. Katika joto la Dar usizidishe saa 12, kwani maji huanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya. Yaliyolowekwa hivyo huiva kwa dakika 45 hadi 75 kama ni mapya. Yasiyolowekwa huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na yaliyozeeka yanakwenda huko kwenye tatu.

Vinavyozuia kuiva ni viwili. Kwanza tindikali: nyanya, ndimu na ukwaju vitiwe baada ya maharage kulainika, kamwe si kabla. Pili ni maji magumu. Visima vingi vya Dar hutoa maji yenye chokaa na chumvichumvi, na chokaa hiyo hukaza ganda. Kama una maji ya mvua au ya bomba, yaweke kwa ajili ya maharage na makande, na ya kisima yafulie. Magadi au soda ya kuokea husaidia kwenye maji magumu, lakini robo ya kijiko cha chai kwa kilo inatosha. Ukizidisha, maharage hupata ladha ya sabuni na vitamini B1 inaharibika.

Sasa moto. Njia isiyohitaji kununua chochote ni kikapu cha joto. Tafuta kapu au boksi linalozidi sufuria kwa sentimita 10 kila upande, lijaze mito iliyoshonwa kwa vitambaa na kujazwa pumba za mpunga au mabaki ya nguo, ukiacha shimo la sufuria katikati. Maharage yaliyolowekwa yachemshwe kwa nguvu dakika 20 hadi 30, yakiwa yamefunikwa. Bila kufungua kifuniko, yatie kapuni, funika kwa mto mzito, acha saa tatu. Yatakuwa yameiva au yamebakiza dakika kumi jikoni. Sufuria iwe imejaa angalau robo tatu, maana sufuria nusu tupu hupoteza joto upesi na maharage hubaki magumu. Yale mekundu lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi kabla ya kuingia kapuni, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo joto la vuguvugu haliiondoi. Na chakula kisilale kapuni usiku kucha: kikishakuwa vuguvugu ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana.

Njia ya pili ni jiko la presha la umeme. Watu wengi huogopa kusikia umeme na maharage katika sentensi moja, lakini hesabu iko upande wake. Jiko la wati 1,000 halivuti umeme muda wote. Likishapata presha huzima na kuwaka kwa vipindi. Sufuria ya maharage hutumia kama nusu ya uniti. Kwa kundi la T1, yaani wateja wa kawaida wa TANESCO, ambalo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 unafika shilingi 356 hivi. Nusu uniti basi haifiki shilingi 180. Jaribu kuyaivisha maharage hayohayo kwa mkaa wa makopo. Angalizo: usijaze maharage zaidi ya nusu ya sufuria, povu huziba valvu, na lichomekwe kwenye soketi ya ukutani, waya mwembamba wa kurefushia hupata moto.

Nyumba zilizoko kundi la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, zina hesabu tofauti, na wengi hawaijui. Uniti 75 za kwanza katika mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, yaani zote 75 ni shilingi 9,150 ukijumlisha kila kitu. Inayofuata, ya 76, inaruka hadi 350, au 427 na kodi. Ni ghali kuliko ya T1. Kwa hiyo mwenye D1 afanye bidii abaki chini ya 75, na wastani ukizidi hapo huhamishiwa T1. Nguo zipigwe pasi zote siku moja, si shati moja kila asubuhi. Maji ya chai yachemshwe mara moja, yatiwe chupa ya chai: lita moja hula kama sehemu moja ya kumi ya uniti, na anayechemsha mara tano kwa siku hutumia uniti 15 kwa mwezi kwa chai pekee. Mpira wa mlango wa friji upimwe kwa karatasi: ifungie karatasi mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila upinzani, baridi inatoka na fedha inatoka. Mara nyingi uchafu tu umekaa kwenye mikunjo ya mpira. Maji ya uvuguvugu na sabuni hutosha.

Mpangaji anayenunua LUKU akumbuke kuwa shilingi 1,500 zinazokatwa kila mwezi kwa nyumba ya kawaida ni kodi ya majengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba. Zungumzeni mapema, mkubaliane ipunguzwe kwenye kodi ya pango.

Kwa gesi, andika kwa chaki tarehe mtungi ulipofungwa. Mtungi wa kilo 15 ukidumu siku 60, unatumia gramu 250 kwa siku. Ukianza kudumu siku 45 wakati wanaokula ni walewale, kuna kinachovuja au kuna kinachopikwa bila kifuniko. Paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, uone kama linatoa mapovu. Mwali wa njano unaotia masizi kwenye sufuria ni gesi isiyoungua yote: toa kichwa cha jiko, zibua matundu kwa sindano, kausha, rudisha. Siku ya kununua, omba mtungi upimwe. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza 15 au 6, na mizani isome hivyo.

Kitoweo

Hapa swali la sahani linajibu lenyewe. Samaki mzima akishaparuliwa, akatolewa matumbo, kichwa na miiba, nyama inayobaki ni karibu nusu. Hivyo samaki wa shilingi 10,000 kwa kilo ni samaki wa 20,000 kwa kilo ya nyama, isipokuwa kama kichwa na mifupa vinaingia kwenye supu, na viingie. Dagaa hana hasara hiyo. Analiwa mzima, na akiwa mkavu amekwishapoteza maji, kwa hiyo kilo moja yake hutoka kwenye kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi. Sioni kitoweo kingine chenye protini nyingi hivyo kwa shilingi.

Tatizo la dagaa ni mchanga. Waliokaushwa chini hubeba mchanga unaoulipia kwa bei ya kitoweo. Chota kiganja, wasugue juu ya karatasi nyeupe, uone kinachodondoka. Waliokaushwa kwenye chanja hugharimu zaidi, lakini ni wang'avu, hawajavunjika vichwa na huhitaji kuoshwa mara moja tu. Nyumbani wanike juani saa mbili tatu kabla ya kuwafungia kwenye ndoo. Dagaa wenye unyevu huingiwa na funza ndani ya wiki.

Nyanya na vitunguu, kwa ufupi

Masika, Machi hadi Mei, nyanya huoza mashambani na njiani, na bei hupaa. Zikiwa nyingi kabla ya hapo, nunua ndoo, zikate, zichemshe bila maji mpaka zibaki karibu theluthi, tia chumvi, zigandishe kwenye vimfuko vya mapishi ya siku moja. Bila friji usijaribu kwa wingi. Nyanya mbichi zipangwe safu moja, kikonyo chini, zisirundikwe: inayopasuka chini huozesha tatu za juu.

Kitunguu cha kuweka ni kile chenye shingo nyembamba iliyokauka na maganda yanayochakarika mkononi. Chenye shingo nene huanza kuoza kuanzia hapo shingoni hata kikiwa kikubwa na kizuri kwa macho. Kitundikwe kwenye wavu penye hewa, mbali na viazi.

Sabuni ya mche nayo ina siri yake ndogo. Ikate vipande ikiwa mpya, vipange kwa kuachana mahali penye hewa kwa wiki mbili tatu. Maji yanatoka, kipande kinakuwa kigumu, na hakiyeyuki hovyo kwenye beseni.

Kuanza bila mtaji

Mtu wa kipato cha kila siku atauliza hela ya gunia atatoa wapi, na ana haki. Asianze na gunia. Aanze na kitu kimoja kisichooza, kinachotumika kila siku na chenye pengo kubwa kati ya robo na kilo. Tuseme sukari robo ni 900 na kilo ni 3,000. Robo nne ni 3,600, pengo ni 600. Nyumba ya kilo 4 kwa mwezi inapata 2,400. Fedha hizo zisirudi kwenye matumizi. Ziongezwe kwenye kitu cha pili mwezi unaofuata, mafuta ya lita moja badala ya ya mia tano, kisha sabuni mche mzima, kisha maharage kilo tano. Kwa mwendo huo, miezi sita si mingi.

Kuna hatari moja ya kununua kingi: kingi hutumika kingi. Dumu la lita 20 likisimama jikoni, mkono unalegea. Dawa yake ni kutenga chupa ya wiki, tuseme nusu lita au robo tatu kulingana na nyumba, na dumu lifungiwe chumbani. Chupa ikiisha Ijumaa badala ya Jumapili, wiki hiyo inamalizwa kwa vya kuchemsha.

Nauli iingie kwenye hesabu kila mara. Tuseme mchele wa Tandale ni nafuu kwa shilingi 300 kwa kilo. Ukifuata kilo 10 umeokoa 3,000. Bodaboda ya kwenda na kurudi ikiwa 4,000, umepoteza elfu moja na asubuhi yako. Majirani watano wakichanga gunia la kilo 100 wanaokoa 30,000, wanalipa bajaji 10,000, na kila mmoja anabaki na 4,000 mfukoni. Pesa ichangwe yote kabla ya kwenda, asiwepo wa kukopeshwa mchele. Anayekwenda sokoni mwezi huu abadilishwe mwezi ujao. Ugawaji ufanyike siku hiyohiyo, kwa mizani, mbele ya wote. Gunia lipimwe zima kwanza, na kilichopungua kigawanywe sawa kwa wote watano kabla hata kopo moja halijachotwa. Chupa ya maji ya lita 1.5 iwe karibu.